Mwanafunzi anapochana karatasi yake ya mtihani: uzi kuhusu akili ya hisia shuleni

Wakuu, salaam. Ninafundisha Hisabati sekondari, huu ni mwaka wangu wa 14, na kwa miaka 6 iliyopita nimebeba pia jukumu la mwalimu wa unasihi. Naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa sababu jambo lenyewe nimekaa nalo muda mrefu na sitaki kulieleza nusunusu.

Ilikuwa kipindi cha kwanza baada ya mapumziko, kidato cha pili, wanafunzi 61. Nilikuwa nimerudi na karatasi za mtihani wa nusu muhula na, kama nilivyofanyiwa nami na walimu wangu, nilisimama mbele nikaanza kusoma majina na alama kwa sauti, kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kijana mmoja alipata 14 kwa 100. Nilipoitaja alama hiyo darasa zima liliangua kicheko. Akaja mbele, akaipokea karatasi kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, akarudi kwenye dawati lake, akaketi, kisha akaichana. Hakuichana kwa pupa. Aliikunja katikati, akapitisha ukucha kwenye mkunjo ili uwe mkali, akachana. Akaweka nusu juu ya nusu, akapitisha ukucha tena, akachana tena.

Mimi pale niliona dharau. Nilimwita mbele nikamchapa viboko viwili, bila idhini ya mkuu wa shule na bila kuandika popote, ilhali kanuni za adhabu ya viboko shuleni hapa Tanzania za mwaka 2002 zinasema wazi kwamba adhabu hiyo hutolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kwamba haizidi viboko vinne, na kwamba ni lazima iandikwe kwenye kitabu chake. Kanuni hizo nilizijua. Jioni, nilipokuwa nikihamisha alama kwenye daftari la maendeleo, jicho langu lilitua kwenye mstari wake. Mtihani uliotangulia alikuwa amepata 3. Kesho yake nilidadisi, nikaambiwa kwamba kwa karibu miezi miwili alikuwa akibaki darasani baada ya masomo, akifundishwa na dada mmoja wa kidato cha nne namna ya kujumlisha na kugawanya sehemu. Ile 14 iliyochekwa ilikuwa matunda ya kazi kubwa kuliko alama ya 70 ya mwanafunzi aliyekuwa amezoea kupata 70.

Kila ninapoisimulia habari hii kwa walimu wenzangu, wengi husema kwamba kijana alishindwa kujizuia. Naomba tuitazame upya. Kijana yule alipatwa na jambo zito mbele ya watu 60, akakaa kimya, hakumtukana mtu, hakuinua mkono juu ya mtu, akaimalizia hasira yake kwenye karatasi iliyokuwa mali yake. Mtu mzima aliyekuwa mle ndani, mwenye stashahada ya ualimu na mshahara wa serikali, alikasirika kwa sekunde chache akashika fimbo. Tukizungumza juu ya akili ya hisia ya wanafunzi, mimi nadhani tuanzie hapo, kwa mtu mzima aliyesimama mbele ya darasa, maana mtoto hujifunza kuishi na hasira kwa kumtazama mkubwa wake akiwa amekasirika, na somo hilo halina kitabu wala kipindi kwenye ratiba.

Neno lenyewe, akili ya hisia, si la zamani. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, walilifafanua kitaalamu mwaka 1990, na mwaka 1997 wakaligawa katika uwezo wa aina nne: kuzitambua hisia zako na za wengine, kuzitumia zikusaidie kufikiri, kuzielewa zinatoka wapi na zinaelekea wapi, na kuzitawala. Mwaka 1995 mwandishi Daniel Goleman alilipeleka kwa umma, na tangu hapo likaanza kubebeshwa mizigo isiyo yake, hadi leo semina za hamasa zinatuambia kwamba akili ya hisia ina thamani kuliko akili ya darasani. Hilo tusilikubali. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliokusanya tafiti zaidi ya 150 zenye wanafunzi zaidi ya 42,000 wa ngazi mbalimbali, ulionyesha kwamba wenye akili ya hisia ya juu hufanya vizuri zaidi kidogo katika masomo, na kwamba jambo hili linakuja nyuma ya uwezo wa akili wenyewe na nyuma ya bidii. Linakuja la tatu. Kwangu mimi nafasi ya tatu ni kubwa mno, hasa tukikumbuka kwamba kuhusu uwezo wa akili aliokuja nao mtoto mwalimu ana la kufanya kidogo, lakini kuhusu namna mtoto anavyopokea karatasi yenye 14 ana la kufanya kila siku.

Katika zile nne, iliyonishughulisha zaidi ni ya tatu, yaani kuelewa hisia inatoka wapi, na hapo ndipo Kiswahili kilipokuja kunisaidia kuliko semina yoyote niliyohudhuria. Muhula uliofuata nilirudisha karatasi, safari hii kimya kimya, kisha nikawaomba wanafunzi waandike kwa maneno yasiyozidi matatu walivyojisikia. Nilipozipitia usiku nikakuta maneno manne yanazunguka darasa zima: stresi, mawazo, nimevurugwa, na kawaida. Hao ni vijana wanaozungumza Kiswahili tangu kuzaliwa, na lugha yao ina hazina ya maneno ya moyo, lakini walipohitaji kusema kilichomo ndani yao walikuwa na vijineno vinne tu.

Nilikwenda kwa mwalimu wa Kiswahili, tukaketi naye tukaandika kwenye manila. Tulianza na hasira, ghadhabu, uchungu na kinyongo, ambavyo vijana waliviita vyote hasira. Mwenye hasira atapoa ukimpa nafasi. Mwenye uchungu ameumizwa na anataka aliyemuumiza ajue. Mwenye kinyongo ameshanyamaza, na huyo ndiye wa kumwendea mapema, kwa sababu utulivu wake si dalili ya kwamba yamekwisha. Halafu tukaingia kwenye haya, aibu na fedheha, na hapo mimi mwenyewe nilijifunza. Haya humkuta mtu kabla ya tendo, humzuia. Ndiyo maana tunamsifu mtu kuwa ana haya. Aibu humpata baada ya tendo, naye hujiona mdogo kwa alichokifanya. Fedheha hutoka nje: mtu hufedheheshwa, na hakuna fedheha bila watazamaji. Kijana wangu hakuwa na hasira ya kuchukia Hisabati wala ya kunichukia mimi. Nilimfedhehesha. Kama siku ile ningekuwa na neno hilo kichwani badala ya neno dharau, mkono wangu usingeifuata fimbo.

Manila ile ilibandikwa nyuma ya darasa, na matumizi yake yalinishangaza. Kulikuwa na binti ambaye kila jaribio lilipoanza aliomba ruhusa ya kwenda msalani, na walimu kadhaa, mimi nikiwamo, tulikuwa tumekwisha mwandika moyoni kuwa ni mtoro wa jaribio. Siku moja aliniandikia kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake: «Mwalimu, tumbo hunisokota nikiona karatasi zinagawiwa. Ni wasiwasi, si uvivu.» Mtu mwenye wasiwasi mkubwa hupoteza sehemu ya kumbukumbu ile ndogo tunayoitumia kushika namba kichwani wakati wa kukokotoa, kwa kuwa nafasi hiyo imekaliwa na sauti inayomwambia kwamba atafeli, hivyo anaweza kushindwa swali ambalo jana alilifanya mbele yako. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Gerardo Ramirez na Sian Beilock, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba wanafunzi wenye hofu ya mtihani waliopewa dakika 10 za kuandika wasiwasi wao kabla tu ya kuanza walifanya vizuri kuliko wenzao ambao hawakuandika. Nilimjaribishia binti yule, nikimwambia aandike na karatasi aondoke nayo mwenyewe. Si dawa ya kila mtu na sikuona miujiza, lakini aliacha kutoka nje, na mtu asiyetoka nje ana dakika zake zote 40.

Niseme na kuhusu matangazo ya alama. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa. Wengi tulijadili kama uamuzi ule ni sahihi, lakini sikusikia mtu akiuliza kuhusu darasani, ambako bado tunasoma mkeka wa alama kwa sauti wa kwanza hadi wa mwisho kila mwezi. Mimi niliacha. Ninagawa karatasi kifudifudi, na juu ya kila karatasi, pembeni ya alama ya leo, ninaandika alama ya mtihani uliopita, ili jambo la kwanza ambalo mwanafunzi analipima liwe safari yake mwenyewe. Kuandika namba hizo 61 kunanichukua kama dakika 20.

Nimeona michango imekuwa mingi, basi nirudi kujibu kwa pamoja, nikianza na hoja nzito zaidi.

Ndugu aliyesema kwamba haya ni mambo ya wazungu, kwamba sisi tulichapwa na tukatoka watu: nakuelewa, mkuu, maana nami nilichapwa na natumaini nimetoka mtu. Ila tukumbuke kwamba utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu watu 3 kati ya 4 walikuwa wamepata ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo ingekuwa inazalisha watu wanaoweza kutawala hasira zao, nchi yetu leo ingekuwa na wazazi, mabosi na madereva watulivu kuliko nchi nyingine yoyote. Na kuhusu uzungu, wazee wetu waliosema hasira hasara hawakusoma saikolojia, wala hakuhitaji kusoma saikolojia bibi aliyekuwa akimwambia mtoto anayelia ashushe pumzi kwanza ndipo aseme. Mwaka 2022 wadau wa elimu wa Kenya, Uganda na Tanzania, Zanzibar ikiwamo, walipima stadi za vijana kama kujitambua na kushirikiana kwa kutumia vipimo walivyovitunga wenyewe kwa mazingira yetu. Kazi inafanyika hapa hapa.

Mchangiaji mwingine ametaja Kenya, kwamba walipiga marufuku viboko mwaka 2001 na tangu hapo mabweni yanaungua. Mabweni yameungua kweli, na mwaka 2016 peke yake shule zaidi ya 100 zilikumbwa na moto. Lakini tupange tarehe vizuri. Moto wa shule ya sekondari ya Kyanguli kule Machakos, ulioua wavulana 67, uliwashwa Machi mwaka huo huo wa 2001, kabla marufuku haijapata nafasi ya kubadili chochote darasani. Wanafunzi wale walikuwa wamelelewa na fimbo. Kamati zilizoundwa kuchunguza migomo ya wanafunzi zimerudia mara kwa mara kutaja uongozi usiosikiliza na wanafunzi kukosa njia ya kufikisha malalamiko. Hicho ndicho nilichokuwa nikikieleza juu kwa jina la kinyongo: hasira ambayo ilikuwapo, ikajulikana, ikanyamazishwa, na mwenye kuinyamazisha akadhani ameimaliza.

Hapo hapo nimjibu dada aliyeuliza kama akili ya hisia ni ile ile adabu. Hapana, ingawa vinakaa karibu. Mwanafunzi anayenyamaza kwa kuwa anaogopa bado hajajitawala. Ametawaliwa na mwingine, na siku mtawala hayupo utamwona alivyo. Ndiyo maana wapo vijana waliokuwa mfano wa nidhamu bwenini kwa miaka 4, ambao wakifika chuo, ambako hakuna wa kuwagongea kengele, huyumba muhula wa kwanza tu. Anayejitawala anaweza kukupinga kwa heshima, na wapo walimu wanaomwona huyo kuwa mkaidi. Nakiri kwamba hata mimi bado sijazoea kupingwa, ila nimeacha kuona kupingwa kuwa kosa la nidhamu.

Mwalimu mwenzangu mwenye wanafunzi 90 katika chumba kimoja ameuliza atazijuaje hisia za watu 90. Mwalimu, huwezi, na mtu yeyote anayekuambia unaweza hajawahi kushika chaki. Ninachofanya mimi ni kwamba ukurasa wa mwisho wa daftari la Hisabati ni wa mwanafunzi. Anaweza kuniandikia mstari mmoja au asiandike. Ninaposahihisha kazi, ninafunua na ukurasa huo. Mara nyingi huwa mtupu. Kwa wiki napata mistari minne au mitano yenye jambo, na kati ya hiyo mmoja au miwili inahitaji mazungumzo. Iliyozidi uwezo wangu, kama mtoto anayeumizwa nyumbani, haibaki kwangu bali inakwenda kwenye dawati la ulinzi na usalama wa mtoto na ustawi wa jamii, siku hiyo hiyo. La pili ni juu yangu mwenyewe. Nikihisi damu inapanda, ninageuka nikafuta ubao, hata kama ni safi. Ninaufuta taratibu, pembe hadi pembe. Wanafunzi wangu wamekwisha ijua desturi hiyo, na nimewahi kumsikia kiranja akiwaambia wenzake kwa sauti ya chini, «Nyamazeni, mwalimu anafuta ubao.» Baadaye nikamwona kijana mmoja aliyekorofishwa na jirani yake akiinuka kwenda kuchonga penseli ambayo ilikuwa na ncha. Sikuwa nimemfundisha.

Kuhusu pendekezo la kuanzisha somo la akili ya hisia lenye kitabu na mtihani wake, sikubaliani nalo, japo nafahamu nia ni njema. Ni kweli kwamba mwaka 2011 uchambuzi wa programu 213 zilizofundisha stadi za kijamii na kihisia kwa wanafunzi zaidi ya 270,000 ulikuta kwamba programu hizo zilipandisha pia matokeo ya masomo, kiasi kwamba mwanafunzi wa katikati, anayewashinda wenzake 50 kati ya 100, angewashinda 61. Hata hivyo, mwaka 2022 Uingereza ilipata matokeo ya jaribio kubwa la kuwafundisha wanafunzi wa miaka 11 hadi 14 mazoezi ya kutuliza fikra, wanafunzi zaidi ya 8,000, na hawakutofautiana na wale ambao hawakufundishwa. Wengi wao hawakuyafanya mazoezi hayo nje ya kipindi. Naielewa hali hiyo vizuri. Ukimpa kijana kipindi cha utulivu saa nne, kisha saa tano akafedheheshwa, ataamini cha saa tano.

Mfano unaonipa moyo zaidi uko jirani. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziliingia kwenye utafiti ambao nusu yake zilifanya kazi kwa miezi 18 na mpango wa shirika la Raising Voices la Kampala, mpango unaobadilisha shule nzima, kuanzia walimu na utawala hadi wanafunzi na wazazi, badala ya kumkalisha mtoto peke yake kumfunza tabia. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Katika shule zilizobaki kama zilivyokuwa, karibu asilimia 49 ya wanafunzi walisema kwamba katika wiki moja iliyopita walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili na mfanyakazi wa shule. Katika shule zilizoshiriki mpango huo ni asilimia 31. Asilimia 31 bado ni watoto wengi sana. Lakini hao walimu walikuwa kama sisi, mishahara ile ile na madarasa yale yale yaliyojaa, na walibadilika.

Wa mwisho ameuliza yule kijana aliishia wapi. Alimaliza kidato cha nne akiwa na D ya Hisabati, akaenda chuo cha ufundi, na sasa anafanya kazi ya umeme wa majumbani. Nilimwomba radhi alipokuwa kidato cha tatu. Nilikuwa nimechelewa mwaka mzima kwa kuwa sikujua mwalimu anaanzaje kumwomba radhi mwanafunzi. Hakuna aliyewahi kuniomba mimi. Nilimkuta bombani akiosha ndoo, nikamwambia kwamba siku ile ya karatasi nilikosea, kwamba nilipaswa kumpongeza kwa kutoka 3 hadi 14. Alikaa kimya muda, akaimwaga ile ndoo, akasema, «Mimi nilijua uliiona ile 3, mwalimu. Nilidhani hukujali.»